Sunneva na Ufunguo Uliochemka Ndani ya Soseji

Sunneva Malena, binti wa Tummas aliyeshuka jabali kwa kamba kutafuta mayai ya ndege akiwa na miaka kumi na mitatu, mjukuu wa Billa aliyejifungua pacha siku ya dhoruba na kesho yake akakamua ng'ombe, wa nyumba ya Kando ya Kijito. Ndiye aliyeendesha gari la maziwa la ushirika miaka ishirini na saba, akipita kila asubuhi kwenye yale mahandaki mawili ya zamani yenye njia moja na giza la kaburi, asikwaruze hata kioo cha pembeni. Ndiye aliyemrudisha kinyumenyume dereva wa lori la samaki mita mia mbili ndani ya handaki, kwa sababu haki ya njia ilikuwa yake. Ndiye aliyeongoza utenzi wa beti mia moja na tisini kwenye harusi ya dada yake, akiwa na homa, na asisahau hata mstari. Na ndiye, nasema haya kwa ruhusa yake, aliyeushonea ufunguo wa gari ndani ya soseji ya damu, akauchemsha kwa muda wa saa tatu, akamwekea mchungaji wa kanisa kwenye sahani.

Mimi nilikuwepo. Sindano ya pili ya kushonea nilikuwa nimeishika mimi.

Wasiojua watasema mwanamke gani huyo anayetia ufunguo kwenye chakula. Basi wasikie. Zamani kwetu ufunguo wa gari haukuwa kitu cha kubebwa. Uliachwa mahali pake, ndani ya gari, usiku na mchana. Nani ataiba gari kisiwani, na akishaliiba atalipeleka wapi? Jirani akitaka kulisogeza apitishe trekta lake, alisogeze. Tumeishi hivyo tangu gari la kwanza lilipofika kijijini, na mimi nalikumbuka gari hilo, lilikuwa la kijani na lilinuka samaki.

Miaka sita iliyopita Hanus, mwanawe Sunneva anayeishi Denmark, akamnunulia mama yake gari jingine, dogo, jekundu, la aina hizi ambazo ufunguo wake hauchomekwi popote. Ni kidude cheusi tu chenye vitufe vitatu. Unakaa nacho mfukoni, ukilikaribia gari linakukonyeza kwa taa na mlango unafunguka wenyewe. Ukiingia unabonyeza kitufe kwenye dashibodi, linawaka. Lakini ukiuacha ufunguo ndani ukatoka, kama tulivyozoea, gari linalia pii, pii, pii, kama mwanakondoo aliyepotezana na mama yake. Wiki ya kwanza kijiji kizima hakikulala mchana. Ndipo Sunneva akaanza kuutia ufunguo mfukoni mwa aproni, na akaupenda. "Mikono yangu haijawahi kuwa mitupu tangu nibatizwe," aliniambia. "Leo nimepata gari linalofungua mlango kama mwanamume mwenye adabu."

Gari hilo lilitubeba wengi. Mimi goti langu la kushoto limekufa, na kila Jumatatu Sunneva alinipeleka mjini Klaksvík kwa wanaonyoosha viungo. Jumanne alichukua wanawake wanne kwenda mazoezi ya ngoma. Hii ngoma yetu haina chombo, ni sauti na miguu tu: watu wanashikana mikono kwenye duara, hatua mbili kushoto, moja kulia, na anayeongoza beti ndiye nahodha. Nahodha wa upande wetu wa kisiwa alikuwa Sunneva.

Sasa ilikuwa Oktoba, wiki ya kuchinja. Hanus alikuwa amekuja kutusaidia na kondoo, atarudi kwake Jumapili. Jumatano tulikuwa bandani, Sunneva na mimi, tukitengeneza soseji za damu. Damu beseni zima, mafuta ya kondoo yaliyokatwakatwa, unga, sukari, zabibu kavu. Yeye anainama na kukoroga kwa mkono mpaka kiwiko, mimi najaza kwenye tumbo la kondoo, kisha tunashona kwa uzi wa sufu. Sunneva akiinama, mfuko wa aproni unainama naye. Ufunguo ni mweusi, na damu ile nayo nyeusi. Nani angeuona?

Na gari lilituambia, Mungu ni shahidi. Tulipotoka bandani na sufuria tukipita karibu yake, likakonyeza taa na mlango ukafanya ka! Sunneva akasema, "Asante, leo hatusafiri," tukaendelea na njia yetu kwenda jikoni. Hakuna aliyejiuliza ni nani hasa kati yetu gari lilikuwa linamkaribisha.

Alhamisi mchungaji alialikwa chakula cha mchana. Mchungaji Høgni ametoka kisiwa cha kusini kabisa, ana mwaka wa pili tu kwetu, mtu mpole, mrefu, anayezungumza kama anayetembea juu ya barafu. Akapewa kipande cha katikati, maana ndicho cha heshima. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akageuza taya upande wa pili.

"Umepata zabibu, Mchungaji?" Sunneva akamuuliza.

"Nadhani hivyo, Mama," mchungaji akasema taratibu, kitu kiko shavuni. "Ila hii ina vitufe."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Hanus alicheka mpaka machozi. Sunneva aliutoa ufunguo kwenye sahani ya mtumishi wa Mungu, akaufuta kwa kitambaa, akaubonyeza kuelekea dirishani. Gari nje halikutikisa hata unyusi. Ufunguo ulikuwa umeiva.

"Mchungaji, jino lako je?"

"Lipo, Mama. Linatikisika, lakini lipo."

Hanus ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kucheka. Aliinuka, akauchukua ufunguo wa akiba uliotundikwa kando ya mlango, akautia mfukoni mwake.

"Mama, sasa tuongee."

"Ongea, nani amekuziba mdomo?"

"Umebaki na ufunguo mmoja. Huu nao ukipotea, gari litakuwa banda la kuku. Una miaka sabini na minane. Kuna Sámal wa Tórshavn, mji mkuu wetu, anataka kulinunua. Nimeshamwambia aje Jumamosi saa kumi."

"Umeshamwambia lini? Mchungaji hata hajatema mate."

Hanus akaangalia sahani. "Mwezi wa nane."

"Kabla ya soseji?"

"Kabla ya soseji."

Sunneva alinyamaza kama maji mtungini. Namjua tangu tulipokaa dawati moja miaka saba, zaidi ya hiyo hatukusoma, na sijawahi kumwona akinyamaza hivyo isipokuwa siku ya mazishi ya mumewe. Kwenye karatasi gari lilikuwa na jina la Hanus. Angeweza kuliuza na asiwe mwizi. Na bila gari, Sunneva angekuwa bibi wa kukaa dirishani akingoja basi linalopita mara tatu kwa siku, anayeomba lifti kwa watu aliowapa lifti yeye. Hakusema hayo, ila mimi niliyaona yakimpita usoni.

"Kwa hiyo soseji haina kosa," akasema mwishowe. "Kosa ni umri wangu."

"Mama, sijasema..."

"Na ufunguo wa pili ukipatikana?"

Hanus akaipigia simu gereji mjini palepale, kisha akatugeukia. "Funguo mpya wanazo, lakini mashine ya kulifanya gari liutambue imepelekwa ng'ambo kutengenezwa. Itarudi baada ya Krismasi."

Hapo mchungaji, mkono shavuni, akasema ile sentensi iliyomfanya awe mtu wa kijiji hiki. "Nimesikia kuna magari ambayo mwenyewe anaweza kuyafundisha nyumbani. Bila mashine."

Ijumaa asubuhi Sunneva akaipigia simu gereji mwenyewe.

"Lako linakubali, Bibi," fundi akamwambia. "Maadamu ufunguo mmoja mzima bado upo. Ila lina masharti."

"Hata mimi nina masharti, mwanangu. Niwekee ufunguo."

Wakaenda mjini, Hanus kwenye usukani, mama yake pembeni akimwambia wapi apunguze na wapi aongeze. Wakarudi na kidude kipya kwenye mfuko wa nailoni na karatasi moja iliyokunjwa. Jioni hiyo, mbele yangu na mbele ya mchungaji aliyekuja kurudisha bakuli, mama na mwana wakapeana mikono juu ya meza. Masharti yalikuwa haya: Sunneva alifundishe gari ufunguo mpya mwenyewe, kwa mkono wake, mtu yeyote asiliguse gari, na iwe kabla Sámal hajafika Jumamosi saa kumi. Akiweza, gari linabadilishwa jina liwe lake na Hanus hatalitaja tena maisha yake yote. Akishindwa, Sámal anaondoka nalo.

"Na usilie, Mama," Hanus akasema.

"Nilikuzaa wewe kilo tano bila kulia," Sunneva akamjibu. "Nitalilia bati?"

Jumamosi kulikucha na upepo. Simaanishi upepo wa kuanika nguo. Namaanisha ule unaofanya kondoo walale chini. Gari lilikuwa uani, pua limeielekeza kwenye upepo kama tunavyoegesha sote, maana ukiupa upepo mgongo wa gari mlango utang'oka ukaokotwe kijiji cha pili.

Saa nane Sunneva akaingia kwenye gari, ufunguo mzima mfukoni, ufunguo mpya mapajani, miwani puani, karatasi mkononi. Mimi na mchungaji tulisimama kwenye ngazi ya jikoni, Hanus akaegemea ukuta na kikombe cha kahawa. Karatasi ilisema hivi, nimeisoma mara nyingi hata naijua: fungua na ufunge mlango wa dereva mara mbili. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja bila kukanyaga breki. Bonyeza kufuli la mlango mara tatu. Kitufe cha kuwashia tena mara moja. Mlango mara mbili. Weka ufunguo mpya kwenye kijishimo kilicho chini ya pale pa kuegemeza mkono, bonyeza kitufe mara moja, uondoe mikono. Likikubali, gari litajifunga na kujifungua lenyewe. Na kati ya hatua moja na nyingine zisipite sekunde tano. Ukikosea mara tatu, gari linanuna nusu saa.

Mara ya kwanza alifungua mlango, akafunga, akafungua, akafunga, akashusha macho kusoma kinachofuata. Alipokipata, gari likalia pii ndefu. Muda umepita.

"Moja!" Hanus akapaza sauti.

"Hesabu kondoo zako!" mama yake akamjibu kupitia dirishani. "Mchungaji, njoo unisomee. Usiliguse gari, usome tu."

Mchungaji akashuka, akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akasimama kando ya dirisha nywele zimesimama kwa upepo. Akakohoa. Akaanza: "Na kisha... utafungua... mlango wa dereva..."

Sunneva alishafungua na kufunga mara mbili. "Endelea!"

"...ukiisha kuufunga... utabonyeza..."

Pii.

"Mbili!" Hanus akasema, na sasa alikuwa anacheka waziwazi.

"Mchungaji," Sunneva akamwambia, "huu si waraka kwa Wakorintho. Hapa hakuna wa kutafakari. Piga mbio!"

"Nisamehe, Mama. Nimezoea watu wanaosinzia."

Mara ya tatu mchungaji alisoma kama anayekimbizwa na fahali. Mlango, sawa. Kitufe, sawa. Kufuli mara tatu, pale Sunneva akachanganyikiwa, akabonyeza mbili, akakumbuka, akabonyeza ya tatu, kitufe, na alipousukuma mlango mara ya mwisho upepo ukausukuma kutoka upande wa pili. Sunneva akasukuma, upepo ukasukuma. Yeye ana kilo hamsini na tano, upepo haujawahi kupimwa. Pii.

"Tatu," Hanus akasema, lakini safari hii kwa sauti ndogo. Saa nane na nusu. Gari likazima taa zote, likanuna.

Tukaingia jikoni. Nikamimina kahawa, nikakata keki ya rubabi, yale mashina machachu ya bustanini. Hanus alikaa mwisho wa meza.

"Mama, si aibu," akasema. "Kitu hiki kimetengenezwa kwa vijana wenye vidole vya haraka."

Sunneva alikuwa ameilaza karatasi mezani na kuifunika kwa kiganja, haisomi, anaisikiliza. Nikaona mguu wake chini ya meza. Mbili kushoto, moja kulia. Mbili kushoto, moja kulia.

"Shoga," akaniambia, "mlango mara ngapi?"

"Mbili."

"Kitufe?"

"Moja."

"Mbili, moja. Hii si karatasi. Huu ni utenzi, ila umeandikwa na mtu asiyejua kuimba." Akaigeuza juu chini asiione tena. "Tatizo ni pale katikati. Kufuli tatu. Mstari una mguu wa ziada."

"Kwenye tenzi za zamani ipo mistari ya namna hiyo," nikamwambia. "Ule wa mfalme na farasi wake."

"Ipo, na tunafanyaje? Hatukimbii. Tunavuta pumzi kabla, halafu tunaimwaga yote kwa mkupuo."

Akaanza kunung'unika, akipiga meza kwa kidole. Akafuta neno, akaweka jingine. Mchungaji alisahau keki yake mkononi. Kabla kahawa haijapoa ubeti ulikuwa umekamilika, na akatufundisha papo hapo, mimi na mchungaji, mara nne, mpaka mchungaji akaacha kuupeleka kama zaburi:

Wazi funga, wazi funga,
gonga moja, usisite;
kufuli tatu, pumzi vuta,
gonga moja, usisite;
wazi funga, wazi funga,
mgeni na aingie;
gonga moja, nyamaza kimya,
gari nalo lisikie.

"Mgeni ndiye nani?" mchungaji akauliza.

"Ufunguo mpya. Ulitaka nimwite mkwe?"

"Na upepo je?" Hanus akauliza. "Upepo nao utauimbia?"

Hapo mama yake akamtazama kwa mara ya kwanza tangu tuingie. "Wewe ulisema mtu asiguse gari. Hukusema mtu asisimame uani kwangu."

Nikaelewa kabla hajamaliza. Goti bovu na yote, nilishafika kwenye simu. Nikampigia Marjun wa Chini ya Kanisa, Marjun akampigia dada yake, na kijiji chetu ni watu arobaini na mmoja, simu mbili zinatosha. Wakaja na makoti ya mvua na mabuti, wengine mikono bado ina mafuta ya kondoo. Dánjal, jirani wa upande wa bahari, alikuja na kofia imefungwa kwa kamba kidevuni. Walidhani kuna paa limeondoka.

"Tunaokoa nini?" Dánjal akauliza.

"Heshima," Sunneva akasema. "Shikaneni mikono."

Wakalizunguka gari, watu ishirini na wawili, bega kwa bega, safu nene zaidi upande wa upepo na mlangoni. Hakuna aliyeligusa. Mchungaji alikuwa kati ya Marjun na mimi, mkono wake baridi kama samaki. Hanus alibaki ukutani peke yake, kikombe kitupu mkononi.

Saa tisa na dakika arobaini Sunneva akaingia. Hakuvaa miwani. Akatazama mbele kama alivyokuwa akitazama mdomo wa handaki, akaanza kuimba ubeti kwa sauti ile kavu ya nahodha isiyopambwa, na sisi tukaupokea. Miguu ikaanza yenyewe. Hatua mbili kushoto, mlango, mlango. Moja kulia, kitufe. Uwanja ukatoa mshindo. Upepo ulitupiga migongoni lakini mlangoni haukufika, mlango ukawa unaenda na kurudi kama mlango wa kanisa siku ya Krismasi. Ulipofika mstari wenye mguu wa ziada tukavuta pumzi wote kwa pamoja, watu ishirini na wawili, nilisikia, na Sunneva akazimwaga tatu zote kwa mkupuo: ka-ka-ka. Gonga moja. Wazi funga, wazi funga. Mkono wake ukazama na ufunguo mpya kijishimoni. Gonga moja.

Tukanyamaza. Miguu ikasimama. Hata mchungaji alifumba macho.

Wakati huohuo gari jingine liliingia uani, la Sámal, amewahi kwa karibu dakika ishirini. Akashuka na mazulia mapya ya gari chini ya kwapa, maana alikuwa ameyanunua kabisa, yanalingana na rangi nyekundu. Akaona kijiji kizima kimeshikana mikono kulizunguka gari lake, kimya, kwenye upepo.

"Kuna msiba?" akanong'ona.

Na gari jekundu likafanya kwa! milango yote ikajifunga. Kisha ka! ikajifungua. Taa zikakonyeza.

Sijui nani alianza kupiga kelele. Nadhani ni mimi. Marjun alimkumbatia mchungaji, mchungaji akamkumbatia Dánjal, na duara badala ya kuvunjika likaanza tena kwenda, haraka zaidi, ubeti kutoka mwanzo, na Sámal akavutwa ndani na mazulia yake, hajui maneno lakini miguu anaijua, maana hata Tórshavn wanazaliwa watu. Sunneva alishuka garini, akaacha ufunguo mzima mezani jikoni, akarudi na mpya peke yake mfukoni, akalikaribia gari polepole kama bibi harusi. Likamkonyeza. Mlango ukafunguka.

"Huyu naye ananijua," akasema.

Hanus alitoka ukutani. Alikuja mpaka mbele ya mama yake, na tukapunguza sauti, si kwa adabu bali tusikie.

"Nilidhani unachoka, Mama," akasema. "Nilidhani nakupunguzia mzigo."

"Nilichoka mwaka ule ulipoota meno. Umeshawahi kuniuliza?"

"Sikuuliza."

"Basi niulize."

Hanus akacheka, macho yamelowa, upepo ulikuwa mkali. "Mama, umechoka?"

"Hapana. Lete karatasi ya jina."

Akaisaini kwenye meza ya jikoni, mchungaji shahidi, Sámal shahidi wa pili, mdomo umejaa keki. Sámal hakununa hata kidogo. Alisema amekuja kununua gari na amepata ngoma, na ngoma haihitaji kulipiwa ushuru. Mazulia alimwachia Sunneva. Alisema kwake yangemkumbusha vibaya.

Watu walikuwa bado wamejaa jikoni, wengine wamesimama kwa kukosa viti, maji ya mabuti sakafuni, wakati Dánjal alipokohoa.

"Sunneva, lile langu ni la kiwanda kilekile na mwaka uleule. Hanus alitutafutia pamoja. Ufunguo wangu wa pili ulianguka baharini mwaka juzi. Mpya ninao kwenye droo, sijawahi kuthubutu."

"Na la kaka yangu pia," Marjun akasema. "Wake wa pili hakumbuki hata uko wapi, na mpya ameshanunua."

Wote wakamgeukia Sunneva. Yeye alikuwa amekaa, kikombe mkononi, viatu amevua, soksi zake za sufu zinatoa mvuke mbele ya jiko. Akanywa kahawa bila haraka. Kisha akautoa mkono, akamshika Hanus sikio, hivyohivyo, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, akamvuta karibu.

"Mimi nimetunga, sizunguki kijiji nikifungua milango ya watu. Ubeti una mrithi, na mrithi ndiye aliyekuwa amesimama ukutani hajaimba. Ndege yako ni kesho, leo bado kuna mwanga. Anza na gari la Dánjal, halafu la kaka yake Marjun. Uongoze wewe, kwa sauti, watu wakusikie. Na kule Denmark wafundishe wanao, maana nao wataazima gari langu kiangazi."

"Mama, mimi siimbi."

"Utaimba. Pale kwenye kufuli tatu vuta pumzi kwanza. Haya, vaa kofia, toka."